Taa za Nyuma

Mama alikuwa amemaliza wiki tatu tangu afanyiwe upasuaji, na kila gari likishtuka alishika tumbo. Ndiyo maana nilitaka kruzi ifanye kazi: kile kitufe cha usukanini unachobonyeza gari lishike spidi moja, mguu upumzike. Tulipopita Mai Mahiu kuelekea Narok, barabara iliponyooka, nilibonyeza. Zii. Fundi mmoja Nairobi alikuwa ameniambia swichi imekufa, ninunue usukani mzima. Nikasema hiyo ni ya mwisho wa mwezi.

Kabla ya Kisii, nilipofunga breki kwenye matuta, lori lililokuwa nyuma lililia matairi, nusura litugonge. Nilishusha kioo nikamtukana dereva matusi ambayo Mama hakuwahi kuyasikia kinywani mwangu.

"Wuoda," alisema, kisha akanyamaza hadi Rongo.

Rodi Kopany, pale barabara ya Ndhiwa inapoachana na ya Homa Bay, tulisimama Mama anywe chai. Kando ya hoteli kulikuwa na fundi wa waya, kijana wa rika langu. Nikamweleza habari ya kitufe. Hakukigusa. Alipiga honi kwanza, ikalia.

"Honi na kruzi zinapita kwa kebo moja, imejizungusha ndani ya usukani. Ikikatika, mara nyingi zote zinaenda. Hiyo iko sawa."

Alichomoa betri, akangoja kidogo ili eabegi isije ikamlipukia usoni, ndipo akafungua na kupima swichi kwa mita. Kila kitufe kilitoa namba yake.

"Swichi ni nzima, omera." Akarudisha betri, akaenda nyuma ya gari. "Kanyaga breki."

Nikakanyaga.

"Nimesema kanyaga!"

"Si nimekanyaga!"

Akarudi dirishani taratibu. "Hili gari umetoka nalo wapi?"

Katika magari mengi, kompyuta hukagua saketi ya taa za breki. Isipokuwa na uhakika kwamba itajua ukikanyaga, inakataa kushika spidi. Fyuzi ya taa hizo ilikuwa imeungua, lakini hakukimbilia kuweka nyingine. "Fyuzi haiungui bure." Alifuata waya hadi kwenye bawaba ya buti, akaukuta umechubuka, unagusa bodi. Akaunga, akafunga tepu, akaweka fyuzi mpya. Taa zikawaka.

Kruzi ilibuniwa na Ralph Teetor, mhandisi Mmarekani aliyepofuka akiwa mtoto. Hataza yake aliipata mwaka 1950. Mimi mwenye macho mawili nilikuwa nimembeba mamangu zaidi ya kilomita 300, nyuma yetu giza tupu.

"Imepona?" Mama aliuliza.

"Imepona, Mama."

Sikuiwasha tena siku hiyo. Nilikuwa namfikiria yule dereva wa lori. Hakuonyeshwa taa yoyote. Aliona tu gari likimjia ghafla, na bado alisimama.