Mshipi Kwenye Ukingo wa Kilindi

Barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani hupita kwenye mkonge na minazi, na Kigombe iko njiani: kijiji cha wavuvi chenye bahari ya sura mbili. Sura ya kwanza kila mpita njia huiona: maji ya kijani, mchanga mweupe, na wanawake waliopinda migongo wakisaka pweza maji yakitoka. Sura ya pili iko nje ya miamba, pale rangi ya maji inapogeuka ghafla kuwa buluu nzito. Hapo mwamba hukatika. Kinachofuata ni mteremko unaoshuka hadi Mlango wa Pemba, ambao kina chake hufikia mamia ya mita. Nilikwenda Kigombe kuwaona watu wanaovua kwenye ukingo huo kwa uzi mmoja na mikono yao.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, umande ukisukuma tanga kutoka nchi kavu. Mashua ilikuwa na nahodha mtu mzima na mabaharia wawili vijana. Siku ilichaguliwa kwa mwezi. Wakati wa bamvua mkondo hukaza, mshipi hulala ubavu na chubwi, uzito wa kuuzamisha, haifiki inapotakiwa. Maji mafu ndiyo siku za mshipi wa kilindi, kwa sababu uzi husimama wima na mkono husikia kila kinachogusa chini.

Mashua haikuwa na chombo chochote cha kupimia kina. Nahodha aligeuka akatazama bara, ambako milima ya Usambara ilikuwa imeanza kujitokeza. Alikuwa akisubiri mbuyu wa ufukweni ukae sawa chini ya pengo fulani la mlima, na wakati huohuo ncha ya kisiwa cha Karange iguse mikoko ya upande wa pili. Mistari hiyo miwili ilipokutana, tanga likashushwa. Kijana wa omo akatupa chubwi tupu, akahesabu pima mkononi: nane, na chini pagumu. Tukasogea kidogo. Kumi na tano. Tukasogea tena, uzi ukaenda hadi ishirini na nane.

"Hapa pameanguka," alisema nahodha.

Nanga haikutupwa kilindini. Ilirudishwa ikashikishwa juu ya mwamba, kwenye zile pima nane, kisha kamba ikaachiwa polepole. Maji yalikuwa yanatoka, yakaivuta mashua kuelekea nje hadi ikasimama juu ya mteremko wenyewe. Kazi yote ya asubuhi ilitegemea jambo hilo. Ukisimama ndani mno unavua samaki wadogo wa juu ya mwamba. Ukisimama nje mno chambo kinaning'inia kwenye maji matupu. Chewa hukaa mlangoni mwa pango lake ukutani, akingoja mkondo umletee chakula. Changu huzunguka kwenye mchanga chini ya ukuta.

Nilimwomba kijana wa tezi anionyeshe mshipi wake. Ndoana mbili zilifungwa juu ya chubwi, kila moja kwenye uzi wake mfupi. Chubwi yenyewe ilikuwa kipande cha chuma, na kilichoishika kilikuwa uzi mwembamba kuliko mshipi. Kikinasa kwenye jiwe, uzi huo ndio unaokatika, na mvuvi anapoteza chuma tu, hapotezi ndoana wala samaki. Chambo kilikuwa ngisi aliyekatwa vipande virefu vyembamba. Vidole viwili vilikuwa vimevishwa mpira uliokatwa kwenye tairi ya ndani ya baiskeli, maana nailoni ikikimbia na samaki mzito hukata nyama hadi mfupa.

Chubwi ilipofika chini aliipandisha pima moja, akatulia. Changu alikuja kwa kudonoadonoa. Chewa hakudonoa: uzi ulizama mara moja, kijana akavuta mkono juu ya mkono bila kupumzika, magoti yakibana ubavu wa mashua.

"Mwanangu," nahodha aliniambia, "pima tatu za mwanzo ndizo zenye samaki. Zinazobaki ni kazi ya mikono tu."

Wa pili alizishinda pima tatu hizo. Aliingia pangoni, akatanua mapezi na matamvua, uzi ukawa kama umefungwa kwenye jiwe. Kijana akaendelea kuvuta.

"Mlegezee," alisema nahodha. "Muache asahau."

"Atasugua uzi, Mzee."

"Mlegezee."

Uzi ukalegezwa. Tukakaa kimya kwa muda mrefu. Uzi ulipoanza kutembea wenyewe kuelekea nje, kijana alivuta kwa nguvu zake zote, na safari hii samaki hakulipata pango.

Alipotua ndani ya mashua, tumbo lake lilikuwa limetokeza mdomoni. Samaki wa kina huwa na kifuko cha hewa mwilini. Akipandishwa haraka, uzito wa maji unapungua, hewa inatanuka na kusukuma kila kitu nje. Ukimrudisha majini akiwa hivyo, huelea juu akafa. Ndiyo maana mvuvi wa kilindi hana nafasi ya kuchagua baada ya kuvua. Lazima aamue mapema, kwa ukubwa wa ndoana na kwa kujua saa ya kuondoka. Chewa hukua taratibu, na aina zake nyingi huanza maisha zikiwa majike, kisha baadhi hugeuka madume zinapokuwa kubwa. Ukimaliza wakubwa wote ukutani, unawaacha majike bila madume. Nahodha alipoona wamepata wa kutosha, aling'oa nanga ingawa samaki walikuwa bado wanakula.

Ukingo huu una mkazi mwingine. Silikanti ni samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipandishwa mwaka 1952 na mvuvi wa Nzwani, Visiwa vya Komoro, kwa mshipi. Tanga walianza kuonekana mfululizo baada ya mwaka 2003, na waliowanasa walikuwa wavuvi wa jarife, wavu wa matundu makubwa unaotegwa usiku kwenye mteremko kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na Kigombe imo ndani yake. Mshipi nao unaweza kumfikia silikanti, kama ilivyotokea Komoro, lakini mshipi una mtu anayeushika. Jarife huachwa peke yake gizani na halibagui.

Baruti ya kuvulia samaki ni mbaya kuliko vyote. Imekatazwa nchini tangu 1970, na bado Tanga iliendelea kusikia milipuko yake kwa miongo mingi, hadi msako mkali wa kuanzia 2016 ulipoipunguza sana. Mlipuko mmoja huua mayai, vitoto na mwamba wenyewe, na mapango ya chewa hugeuka kifusi. Mwamba uliovunjika hivyo huchukua miongo kurudi, pengine usirudi kabisa.

Mchana upepo wa bahari uliturudisha ufukweni, na wachuuzi walikuwa wanasubiri. Bei waliyotoa ilikuwa ileile kwa kila samaki, wa mshipi na wa wavu. Hapo ndipo sisi walaji tunapohusika. Samaki wa mshipi ana alama ya ndoana mdomoni na nyama iliyokaza; wa baruti nyama yake hulegea na damu hutapakaa ndani. Ukienda sokoni Tanga, Pangani au Dar es Salaam, uliza samaki amevuliwaje, fungua matamvua, tazama mdomo. Aliyevuliwa kwa mshipi mlipe mvuvi haki yake, hata kama ni shilingi chache zaidi. Wa baruti usimnunue hata kwa bei ya kutupa.