Kingamwili Si Kinga Kila Mara

Miongoni mwa istilahi za sayansi ambazo Kiswahili kina haki ya kujivunia ni "kingamwili". Ni neno ambatani lililoundwa kwa vijenzi vyetu wenyewe, kinga na mwili, nalo latamkika bila taabu. Mwanafunzi wa isimu angelisifu kwa uangavu wake, yaani ile sifa ya neno kubeba maana yake usoni. Hata hivyo, niliyoyashuhudia kwetu Nyamira yamenifanya niutilie shaka uangavu huo.

Kwetu lugha ya nyumbani ni Ekegusii, na kijana anayesomea Kiswahili chuoni hugeuka mkalimani wa kijiji, apende asipende. Ndivyo nilivyoketi na mama mmoja jirani, aliyekuwa akiishi na virusi vya UKIMWI, akiwa amempakata mtoto wa miezi tisa. Alikuwa ameelezwa kwa Kiswahili kwamba damu ya mtoto ina kingamwili za virusi hivyo. Mama alikuwa na furaha. "Mwanangu," akaniuliza, "kama mtoto ana kinga mwilini, hii dawa nampa ya nini?"

Swali hilo halikuwa la ujinga. Baina ya "kingamwili" na "kinga mwilini" pana silabi moja tu. Isitoshe, UKIMWI wenyewe tumeuita Upungufu wa Kinga Mwilini. Anayeambiwa kuwa mwanawe ana kingamwili, kwa nini asiamini kwamba upungufu haupo?

Ukweli ni kwamba kingamwili za virusi hivi ni protini ambazo mwili huziunda baada ya kukutana navyo. Haziwezi kuviondoa mwilini, bali huonyesha kuwa vimekwisha kuingia. Aidha, mama humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma, nazo huweza kudumu katika damu ya mtoto hadi umri wa miezi 18 hivi. Kwa hiyo, kabla ya umri huo, kingamwili pekee hazithibitishi kuwa mtoto ameambukizwa. Ili kujua hakika, wataalamu hutafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe.

Nilimweleza mama kwa Ekegusii kwamba kingamwili hizo ni mfano wa nyayo kwenye udongo mwekundu wa njia ya shambani baada ya mvua. Nyayo hutuambia nani amepita, lakini hazizuii mtu kuingia shambani. Zilizomo katika damu ya mtoto ni nyayo za mama. Alielewa, akaendelea kumpa mtoto dawa.

Utata huu hauishii zahanatini. Katika maabara za utafiti, kingamwili hutumiwa kutafuta protini mahususi, na huko hazimkingi mtu yeyote. Mathalani, ipo protini ya binadamu iitwayo hENT1, ambayo jeni lake lilitambuliwa mwaka 1997. Kazi yake ni kupitisha nyukliosidi, ambazo ni malighafi ya DNA, katika utando wa seli. Mkulima wa chai wa Kebirigo ataielewa kazi hiyo upesi: majani hayaendi kiwandani yenyewe, lazima pawe na lori la kuyachukua. Gemcitabine, dawa ya saratani iliyoundwa kwa mfano wa nyukliosidi, huingia katika seli kwa lori hilo hilo. Palipo na uhaba wa malori, dawa huweza kubaki nje ya seli.

Ili kujua kama uvimbe wa mgonjwa una hENT1 ya kutosha, watafiti hutumia kingamwili iliyotokana na panya au sungura. Kingamwili hiyo hunata kwenye protini inayotafutwa, kisha hutiwa rangi ili ionekane kwa darubini. Lakini mashahidi hawa hawakusema jambo moja. Katika utafiti wa saratani ya kongosho uliochapishwa mwaka 2014, kingamwili ya panya ilionyesha kuwa, miongoni mwa waliotibiwa kwa gemcitabine, wenye hENT1 nyingi waliishi muda mrefu zaidi. Majaribio mengine yaliyotumia kingamwili ya sungura hayakuiona tofauti hiyo. Basi swali la mtafiti si kama kingamwili yake inakinga, bali kama ushahidi wake ni wa kuaminika.

Sipendekezi neno "kingamwili" litupwe. Limekwisha kuota mizizi, na linasema kweli pale ambapo protini hizo hupambana na maradhi. Ninachopendekeza ni kivumishi. Kingamwili inayotumiwa maabarani kutafuta protini na iitwe "kingamwili tambuzi". Nayo majibu ya zahanati na yataje "alama za kingamwili", ili msikilizaji ajue kuwa anaambiwa habari ya dalili, wala si habari ya ulinzi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuzipima istilahi kwa vigezo vya vitabuni: ufupi, uangavu, ulinganifu wa mofolojia. Vigezo hivyo ni vizuri, ila havitoshi. Istilahi ya tiba sharti ipimwe pia kwa masikio ya mama anayeisikia mara moja tu, katika lugha yake ya pili, akiwa na chupa ya dawa mkononi na uamuzi wa kufanya kabla ya jua kutua.