Kitufe cha Kujaribia

Tumefundishwa sote kwamba mwanafunzi akikosea, mwalimu auchunguze kwanza ufundishaji wake. Neno hilo nililikariri miaka mingi, lakini sikulielewa barabara hata mwaka 2021.

Mwaka huo chuo nilichokuwa nikifundisha kilikuwa na programu ya kompyuta ya kutunzia alama. Programu hiyo ilikuwa na API, yaani njia ambayo programu nyingine huipitia kuomba au kupeleka habari. Mfano wake ni dirisha la karani wa masjala: huingii ndani kupekua majalada, wataja haja yako kwa utaratibu uliowekwa, nawe wapewa jibu. Utaratibu huo hauna budi kuandikwa, ama sivyo hakuna ajuaye aombe nini wala kwa maneno gani. Nikapewa kazi ya kutayarisha tovuti ya maelezo hayo kwa ajili ya wanachuo wa somo la kompyuta.

Nilitumia Swagger UI, chombo cha bure kisomacho faili la maelezo lililoandikwa kwa kanuni za OpenAPI, zilizoitwa Swagger kabla ya mwaka 2016, kisha kikazitengeneza kurasa chenyewe. Kazi ilionekana kwisha upesi. Maombi yalijipanga kwa rangi: la kusoma buluu, la kuongeza kijani, la kufuta jekundu, na kila moja lilikuwa na kitufe cha kujaribia. Nilifurahi, nikakiacha chombo kama kilivyotoka kwa mafundi wake.

Kumbe kitufe kile hakichezi. Hupeleka ombi la kweli kwenye seva iliyotajwa katika faili. Mwanachuo mmoja mwenye bidii alifungua ombi jekundu, akaandika namba ya darasa aliyoiona katika mfano wangu, akabonyeza. Namba ile ilikuwa ya darasa la kweli, na ufunguo wa kuingilia niliowagawia ulimruhusu. Alama za darasa zima zikafutika.

Tulizirudisha kwa siku tatu kutoka katika daftari la karatasi. Kikaoni baadhi ya wenzangu walitaka mwanachuo yule aadhibiwe. Nilisimama nikasema, "Amefanya nililomwalika afanye." Haikuwa rahisi kulisema mbele ya mkuu wa chuo.

Kisha nikaketi kufanya kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Katika faili nikaondoa anwani ya seva halisi, nikatia ya seva ya majaribio yenye wanafunzi wa kubuni. Na mifano yote nikaiandika upya. Katika mpangilio uitwao supportedSubmitMethods nikabakiza maombi ya kusoma tu, hivyo kitufe kikatoweka kwingineko. Katika docExpansion nikachagua none, ili makundi ya maombi yawe yamefungwa, msomaji afungue moja baada ya jingine. Makundi yenyewe niliyapanga kwa hatua za mwanagenzi: kusoma kwanza, kuongeza baadaye, kufuta mwisho. Na kwa kuwa kuondoa kitufe si kufunga mlango, ruhusa ya kufuta niliiondoa pia katika funguo zao.

Wanachuo waliofuata walijaribu kwa uhuru zaidi kuliko wale wa kwanza, kwani hapakuwa na la kuogopa.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, huenda usitengeneze tovuti kamwe. Lakini utapokea chati, vitabu na vifaa vilivyopangwa na mtu asiyewajua watoto wako. Kabla hujaviweka mbele yao, jiulize: mtoto ataona nini kwanza? Mfano huu wamwalika aige nini? Na ni wapi anaweza kukosea bila kumdhuru mtu? Usipoyajibu hayo wewe, atayajibu mtoto, na gharama yake ataibeba yeye.