KUNA WAKATI WA KURUSHA, KUNA WAKATI WA KUKIMBIA

Februari 2017, kwenye Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani, Atlanta Falcons waliwaongoza New England Patriots 28-3. Halafu wakashindwa!

Mchezo ule una njia mbili: kukimbia na mpira au kuurusha. Kurusha husogeza timu haraka, lakini mpira usipodakwa saa husimama. Kukimbia ni polepole, ila saa inazidi kwenda.

Patriots walikuwa nyuma, ilibidi warushe. Falcons je? Dakika chache zikibaki, wakiwa mbele 28-20, walikuwa karibu na milingoti. Teke moja lingewapa pointi 3. Wakataka kurusha tena. Mrushaji akaangushwa na mpira mkononi, faulo ikawarudisha nyuma zaidi, nafasi ya teke ikapotea. Patriots wakasawazisha, wakashinda 34-28 katika muda wa ziada.

Huwa nawafikiria Falcons nikimsikia mtu akitaka kuweka karo ya watoto kwenye biashara ya kutajirika kwa wiki moja. Ndugu yangu, dada yangu, kurusha si kosa. Lakini ukishakuwa mbele, kimbia polepole. Linda ulichopewa.