Picha moja kwa wiki, na salamu niliyoisahau Bagamoyo

Simu yangu ilikuwa imejaa. Nilipoifungua ili nifute vitu, nikakuta picha zaidi ya elfu nne: kurasa za ripoti, mabango ya chanjo, korido za zahanati, na binti yangu wa miaka saba. Zake ndizo zilikuwa nyingi kuliko zote, na karibu zote sijawahi kuziangalia mara ya pili.

Wiki hiyohiyo rafiki yangu wa chuo aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp lenye zoezi dogo. Kila Jumatatu linatolewa neno moja. Hadi Jumapili usiku kila mtu awe ametuma picha moja tu, iliyopigwa ndani ya wiki hiyo, hata kwa simu ya kawaida. Hakuna mshindi wala zawadi. Wiki yangu ya kwanza neno lilikuwa "mikono", ya pili "kivuli". Ya tatu likaja "mlango".

Naandika habari za afya, kwa hiyo wiki nzima kazi yangu ni kuingia na kutoka milango ya hospitali. Sikutaka hata mmoja wa hiyo. Jumamosi asubuhi nikamshika binti mkono, tukapanda basi pale Makumbusho kwenda Bagamoyo, kilomita kama 70 kaskazini mwa Dar es Salaam.

Wapo wanaosema mji huu ulipata jina kwa wapagazi wa misafara, ambao baada ya miezi ya kutembea kutoka bara walifika pwani, wakatua mizigo na kubwaga moyo. Wengine husema ni watumwa walioacha mioyo yao hapa kabla ya kuvushwa baharini. Mji Mkongwe bado una alama za enzi hizo: jengo la kupokea misafara, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, nyumba za mawe ya matumbawe ambazo nyingine zimebaki kuta tu. Na ina milango. Mizito, ya mbao za kuchongwa, yenye maua na minyororo kwenye fremu, mingine rangi imeisha kwa jua na chumvi ya bahari.

Nilipiga picha kama mwendawazimu. Mlango mmoja niliupiga mara kumi na tano, nimechuchumaa, nimesimama, nimerudi nyuma hadi katikati ya barabara. Kwenye baraza ya nyumba hiyo alikuwa ameketi bibi anachambua mchele kwenye ungo. Nikaona huyo ndiye alikosekana. Nikainua simu.

"Mwanangu," akasema bila kupandisha sauti, "umenipiga picha kabla hujanisalimia."

Kabla sijafungua mdomo, binti yangu aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Njoo ukae kivulini."

Niliona aibu. Kazini siwezi kumpiga picha mgonjwa bila kumweleza ni ya nini na yeye kukubali. Hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Lakini Jumamosi, nikiwa mgeni kwenye mtaa wa watu, nilijiona nina haki na kila kilicho mbele ya simu yangu. Nikamwamkia, nikaomba radhi, nikaifuta picha yake huku anaangalia. Akasema mlango nipige nipendavyo, yeye hapana, maana hajajitanda vizuri.

Tulikaa karibu saa nzima. Binti aliomba simu, nikampa. Alipiga picha moja tu, akarudi kuchambua mchele. Jioni kwenye basi ndipo nilipoiona: kizingiti kilicholika katikati kwa kukanyagwa, na jozi tano za ndala, za watu wazima na za watoto. Nakshi hazionekani, kwa sababu kwa kimo chake yeye aliona chini. Hiyo ndiyo niliyotuma, nikaandika kwamba mpigaji si mimi.

Maneno ya bibi hayakuniacha. Usiku ule nilikaa na binti kitandani, tukafungua zile picha zake, nikamuuliza zipi zibaki. Nyingi alizicheka. Kwenye moja akanyamaza. Alikuwa na miaka mitano, amechomwa sindano, analia mdomo wazi. Niliwahi kuiweka "status" kuhamasisha wazazi kupeleka watoto chanjo.

"Hii siipendi," akasema. "Mimi nilikuwa nalia, wewe ukawa unapiga picha."

Tuliifuta. Sikuwa na la kujitetea.

Zoezi hili linafaa familia yoyote, na halihitaji safari. Chagueni neno Jumatatu wakati wa chakula: sufuria, maji, njia ya shule. Kila mtu picha moja. Mpe mtoto simu japo dakika kumi, na usimwelekeze asimame wapi. Mfundishe kusalimia na kuomba kabla ya kupiga. Na kabla hujaiweka picha yake mahali popote, muulize yeye kwanza.

Neno la wiki hii ni "chakula". Binti ameshaniambia atapiga picha ya ungo, ila lazima turudi Bagamoyo kumwomba mwenyewe.