Upande wa Chini wa Ubao

Tangu treni ya umeme ilipoanza safari zake kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024, watoto wetu hapa Mnazi Mmoja hawaishi kuizungumzia. Juma hili tumekuwa tukiwaandalia reli ya mfano. Kazi ngumu ni ubao wa kuilaza reli hiyo: ukipinda kidogo tu, behewa huacha njia.

Katika mji wetu wa pwani, adui wa mbao ni unyevu. Mbao huunywa na kutanuka kwa upana kuliko kwa urefu. Kiangazi kikija, husinyaa. Kwa hiyo tulinunua plaiwudi Kariakoo, tukichungulia ukingo wa kila kipande kwa jicho moja. Nyuzi za matabaka yake hupishanishwa, kila tabaka likilizuia jirani yake lisijikunje. Chini yake tumefunga fremu ya mbao kavu zilizopigwa randa, zenye kukingama kila sentimita 30.

Hata hivyo, ukipaka vanishi upande wa juu pekee, ule wa chini utaendelea kunywa unyevu, na ubao utabinuka. Sharti zipakwe pande zote mbili, na kingo pia.

Tumelitafakari jambo hili. Mara nyingi twajipamba pale tunapotazamwa, tukauacha wazi upande wa ndani. Majira yakibadilika, twapinda. Juma hili, basi, tuutunze upande ambao hakuna mgeni atakayeutazama.