Risasi ya Tatu

Tuliondoka Sioux Falls saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi ya tatu ya Oktoba, giza likiwa bado limeshika. Ndiyo siku ambayo South Dakota hufungua msimu wa kuwinda ndege aitwaye fezanti, na barabara kuu namba 29 ilikuwa imejaa pikapu zenye mbwa nyuma. Mzee alikuwa usukani. Ni mtu wa Uvira; tulijuana kiwandani, kwenye zamu ya usiku ya kukata nyama, aliponisikia nikihesabu masanduku kwa Kiswahili cha Tabora akanijibu kwa Kiswahili cha Kivu. Yeye amewinda nyanda hizi misimu minane. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Brookings.

Hapo Brookings tulikata kushoto, tukaishika namba 14 kuelekea magharibi. Kulipopambazuka niliona nchi isiyo na kilima: mahindi yaliyokaukia shambani, soya iliyokwisha kuvunwa, madimbwi yaliyozungukwa na matete, na upepo usiopumzika. Tukaipita De Smet, tukafika Huron, na pale pembeni mwa barabara amesimama fezanti wa sanamu mwenye urefu wa futi 28, aliyejengwa mwaka 1959. Mzee alipunguza mwendo nimtazame vizuri. Ndege huyu si wa huku. Asili yake ni China, akaletwa Marekani, na huku South Dakota alizaliana kwa wingi hata mwaka 1919 ukafunguliwa msimu wa kwanza wa kumwinda, siku moja tu, katika wilaya ya Spink iliyo kaskazini mwa Huron. Leo ndiye ndege rasmi wa jimbo. Kwa mtu wa kwetu ningesema ni ukoo mmoja na kwale, ila dume lake ni kubwa kama kuku, shingo ya kijani inayong'aa, pete nyeupe, na mkia mrefu kama upinde.

Babu yangu aliwinda kanga kwenye miombo ya Sikonge kwa gobore. Mimi ndiye niliyembebea pembe ya baruti. Kila mlio ulikuwa kazi kamili: kumimina baruti, kushindilia, kutia marisau, kushindilia tena, kuweka fataki. Ikikosa kulia, babu alijua ni hatua gani aliyoikosea, kwa sababu hatua zote zilipita mikononi mwake. Shotigani ya pampu niliyoibeba siku hiyo, niliyoazimwa na jirani anayewinda bata, hatua hizo inazifanya ndani ya tumbo lake, mahali usipoona. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Kwa sheria ya jimbo hairuhusiwi kupiga kabla ya saa nne asubuhi, na kila mtu ana majogoo matatu kwa siku, mitetea haiguswi. Saa nne na dakika chache tulikuwa tumejipanga mstari mmoja kwenye nyasi zinazofika kiunoni, sote na vizibao vya rangi ya chungwa: mwenye shamba, wanawe wawili, mbwa wao, Mzee na mimi pembeni kabisa. Nilikuwa na risasi moja chemba na mbili kwenye bomba lililo chini ya mtutu.

Jogoo aliruka karibu na miguu yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba hupiga kelele, na kelele ile, pamoja na mabawa, ilinitikisa hadi mifupani. Nikapiga, nikakosa. Nikavuta kishikio, nikasukuma, nikapiga, nikakosa tena. Nikavuta, nikasukuma, nikabonyeza mara ya tatu. Ka! Sauti ya chuma kikigonga chuma. Jogoo akavuka matete akaenda zake.

Mzee alipaza sauti mstari usimame. Akaja, akanishika mkono mtutu ukiwa umeelekea ardhini, akabonyeza kitufe cha usalama, akafungua chemba. Tupu. Akaingiza kidole chini: risasi moja ilikuwa bado bombani.

"Ilitema maganda ngapi?" akaniuliza.

Sikujua. Macho yangu yalikuwa kwa ndege.

"Basi tuyatafute."

Nilidhani anataka tu tusiache taka shambani kwa watu. Kumbe yale maganda ndiyo ushahidi wake. Tulipiga magoti kwenye nyasi, na upande wa kulia, hatua mbili tatu, tukayapata: mawili mekundu, yamelala karibu karibu. Akayapokea akayageuza kama mganga anayesoma kete. Kisha akanieleza, na maelezo yale nimeyahifadhi neno kwa neno kadiri nilivyoweza.

Risasi ina safari yake, alisema, na kila kituo kina ugonjwa wake. Ukivuta kishikio nyuma, ukucha mdogo wa bolti hung'oa ganda chembani, likatupwa nje. Kishikio kikifika mwisho kabisa, kikomeo cha bomba huachia risasi moja tu, springi ikaisukuma nyuma, ikalala juu ya ulimi wa chuma. Ukisukuma mbele, ulimi unainuka, bolti inaiingiza chemba. Ganda likikwama chembani, tazama chemba ina uchafu au kutu, ama tazama mkono wa mpigaji. Zikitoka risasi mbili kwa pamoja zikabanana, tazama vikomeo. Ganda likitoka lakini risasi mpya isije, ziko njia mbili: ama mkono haukufika mwisho, ama bomba linaumwa.

"Wapya wote wanavuta nusu," alisema. "Wanaogopa kuivunja. Hii haivunjike. Vuta kama unafunga mlango ya nyumba yako usiku."

Alikuwa na risasi za mazoezi mfukoni, plastiki isiyo na baruti. Akatia tatu, akanipa. Nikavuta kwa nguvu zote hadi kishikio kikagonga nyuma. Ya kwanza ikaja. Ya pili ikaja. Ya tatu ikachelewa, ikachungulia nusu, bolti ikapita bila kuibeba. Tukarudia. Vilevile. Mzee akachukua mwenyewe, mikono iliyopasua mifupa ya ng'ombe kwa miaka: vilevile.

"Hapana mkono yako, mutoto yangu. Ni tumbo yake."

Nilifarijika, na sioni haya kusema hivyo. Lakini zaidi nilishangazwa na ile ya mwisho. Kwa nini daima ya mwisho? Jibu liko kwenye springi. Bomba likijaa, springi imebanwa sana na inasukuma kwa nguvu. Kadiri risasi zinavyotoka ndivyo inavyolegea, na risasi ya mwisho hupata nguvu ndogo kuliko zote. Kasoro yoyote ya bomba hujificha kwenye zile za mwanzo, ikamsubiri mwindaji mwishoni.

Tulirudi kwenye pikapu, tukalaza mlango wa nyuma ukawa meza. Akahakikisha tena kwamba chemba na bomba havina kitu, akaniagiza nami nihakikishe kwa kidole changu. Akafungua kifuniko cha bomba, akavua mtutu, akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja wakati anatoa kizuizi, kwa sababu springi hiyo huruka ikampiga mtu jichoni. Hii haikuruka. Ilitoka polepole, na nyuma yake kijiti cha mbao.

Kijiti hicho huwekwa kwa ajili ya bata. Sheria ya Marekani kwa ndege wanaohama inataka shotigani isichukue zaidi ya risasi tatu. Fezanti hahami, kwa hiyo hakina kazi kwake. Kilikuwa kimekunywa maji ya bwawa la mwaka jana, kimevimba, kinasuguana na mizunguko ya springi; na ndani ya bomba kulikuwa na kutu ya rangi ya ugoro. Mzee akalaza springi sambamba na bomba. Nzima, alisema, hulipita bomba kwa futi moja hivi. Yetu ililipita kwa vidole vinne.

Nikauliza kama haiwezi kuvutwa ikarefuka.

"Usivute springi. Leo itakutii, kesho itakudanganya."

Tukafanya lililowezekana. Kitambaa kwenye fimbo, tone la mafuta, kusugua hadi kitambaa kikatoka cheupe, kisha kukausha, maana kwenye baridi mafuta mengi huganda yakawa gundi. Kijiti kikabaki kwenye pikapu. Springi mpya tungenunua Huron jioni. Tukajaribu tena kwa zile za plastiki: ya tatu ikaja, ikaja tena, ikaja mara kumi.

Mchana tulipita kando ya safu ya miti iliyopandwa kuzuia upepo. Jogoo akatoka upande wangu, jua likiwa shingoni mwake. Risasi ya kwanza nikamkosa kwa haraka. Nikavuta kishikio hadi mwisho, nikakisikia kikigonga, nikasukuma, nikamfuata, nikapiga, nikavuta na kusukuma tena. Akaanguka kwenye mabua ya mahindi, mbwa akamleta akiwa mzima wa manyoya. Mwenye shamba akanionyesha namna ya kumsafisha nikaacha mguu mmoja, ili afisa wa wanyamapori akitusimamisha njiani aone kipi cha jogoo.

Kabla sijamgusa ndege, niligeuka nikatazama chini upande wangu wa kulia. Maganda mawili. Nikafungua chemba taratibu, mtutu ukiwa ardhini: risasi ya tatu ilikuwa imekaa mahali pake.